Kumtafuta muuguzi wa vita ukiwa Tanga: uanzie Kew, Geneva, Upanga au Msalabani?

Jirani yangu mmoja wa Ngamiani alinijia na kopo la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na picha mbili zilizotafunwa na mende, kitabu kidogo kilichopoteza jalada, na nishani moja ya duara iliyofubaa. “Mwalimu,” akasema, “hii ni nishani ya bibi. Alikuwa nesi wakati wa vita ya Hitla. Wajukuu wanauliza alitumikia wapi, nami sina la kuwajibu.” Upande mmoja wa nishani ile kulikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Sita mwenye taji, na upande wa pili simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Nikaigeuza ubavuni, mahali ambapo jina la mwenyewe huchongwa, nikapitisha kioo cha kukuzia mzingo mzima. Palikuwa patupu.

Hiyo ni Medali ya Vita ya 1939–1945. Ilitolewa kwa waliotumikia jeshini, kazi yao ikiwa ni hiyo tu, kwa muda usiopungua siku 28 kati ya Septemba 1939 na Septemba 1945, na Serikali ya Uingereza iliitoa bila kuchonga majina. Kwa hiyo kipande kile cha madini kingeweza kuwa cha bibi, cha mumewe, cha ndugu yake, au hata cha mtu aliyekiweka rehani akafa kabla ya kukikomboa. Jirani yangu alikuwa na fedha za kwenda Dar es Salaam na kukaa siku chache, au za kulipia nakala za jalada moja au mawili kutoka Uingereza, lakini hakuwa na fedha za vyote viwili. Nilimwandikia ulinganisho mfupi wa njia zilizo wazi kwa mtu anayeishi Tanga, na baadaye nimeupanua kwa ajili ya wengine waliokwama palepale.

Swali la kutangulia

Wengi huanza kwa kuuliza muuguzi wao alipata nishani gani. Mimi nashauri waanze kwa kuuliza ni nani aliyekuwa akimlipa mshahara, kwa sababu nyaraka humfuata mlipaji, na mahali ambapo mshahara haukutoka ni nadra kukuta jalada. Neno letu “nesi” limewafunika watu wengi mno: mwanamke wa Kiingereza aliyeandikishwa katika huduma ya uuguzi ya jeshi lake, binti aliyejitolea chini ya Msalaba Mwekundu, muuguzi wa serikali ya Tanganyika pale hospitali ya Bombo, sista wa misheni, muuguzi wa Kijerumani aliyekuwapo kabla ya 1916, na dresa wa kiume aliyefunga vidonda kambini. Wote walihudumia majeruhi wa vita, lakini karatasi zao hazikupelekwa sehemu moja.

Neno “vita” nalo lina utata wake katika mji huu. Wazee wakisema vita ya Mjerumani wanakusudia ile iliyofika hapa tarehe 2 Novemba 1914, jeshi la Uingereza na India lilipoteremka pwani likashindwa na kuondoka tarehe 5, likiwaacha baadhi ya majeruhi wake mikononi mwa hospitali ya Kijerumani. Waingereza hawakuutwaa mji mpaka Julai 1916. Vita ya Hitla haikupiganwa Tanga, lakini iliwachukua watu wa Tanga hadi Uhabeshi na Burma. Ukikosea vita, utatafuta jina sahihi katika rafu isiyo yake, na nimeshuhudia familia ikipoteza mwaka mzima kwa kosa hilo.

Vipimo

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale: ni nani wamo humo, nyaraka zake zinaeleza nini kuhusu utumishi, zinaeleza nini kuhusu nishani, inamgharimu nini mtu wa Tanga kwa fedha, nauli na lugha, na ni rahisi kiasi gani kuthibitisha kwamba jina uliloliona ni la mtu wako na si la mwingine. Kipimo hiki cha mwisho hudharauliwa sana, ingawa ndicho kinachoamua kama kazi yako itasimama mbele ya mjukuu mwenye maswali.

Kwanza isikilize nishani yenyewe

Kabla ya kulipa chochote, chukua taa na kioo cha kukuzia. Usiisugue nishani kwa majivu, ndimu wala dawa ya shaba, kwa sababu herufi za ubavuni ni nyembamba na kila msuguo huzila.

Nishani za kawaida za Uingereza za vita ya kwanza ni tatu. Nyota ya 1914–15 ni ya shaba nyeusi, ina ncha nne, na jina lake limechongwa mgongoni. Medali ya Vita ya Uingereza ni ya fedha, ina kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili. Medali ya Ushindi ina umbo la malaika mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Hizi mbili za duara zimeandikwa ubavuni, na kwa wauguzi utakuta cheo pamoja na jina, au herufi V.A.D. kwa mjitolea. Muuguzi aliyeingia katika uwanja wa vita wa Afrika Mashariki kabla ya 1915 kwisha alistahili Nyota pamoja na nyingine mbili. Aliyefika 1916 au baadaye alistahili hizo mbili tu, na kutokuwapo kwa Nyota katika kopo si dalili ya kuibiwa. Aliyefanya kazi katika hospitali za Uingereza pekee bila kuvuka bahari hakustahili hata moja ya hizo tatu, hata kama aliwafunga vidonda maelfu. Ukiona Medali ya Ushindi yenye maandishi ya Kiingereza na Kiholanzi pamoja, umeshika nishani ya Afrika Kusini, na utafutaji wako unaelekea Pretoria.

Nishani ya uuguzi hasa ni Msalaba Mwekundu wa Kifalme, ambao katalogi za Kiingereza huuita Royal Red Cross. Ulianzishwa na Malkia Victoria tarehe 27 Aprili 1883, na daraja la pili likaongezwa 1915. Haukutolewa kwa kuwapo vitani tu, bali kwa utumishi uliotukuka, na kila aliyepewa alitangazwa katika gazeti rasmi la serikali la London. Ukiukuta katika sanduku la familia, basi nusu ya safari imekwisha hata kama msalaba wenyewe hauna jina.

Za vita ya pili ni bubu, kama ilivyokuwa ile ya jirani yangu. Nyota zake zina ncha sita na hutofautishwa kwa utepe: Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari miwili myembamba ya buluu, mmoja ukiwa mzito na mwingine hafifu. Uingereza haikuziandika majina, lakini Afrika Kusini na India ziliziandika. Kwa hiyo familia ya Kihindi ya Chumbageni inaweza kubahatika pale ambapo familia ya Ngamiani haikubahatika, na si kwa sababu ya ubora wa mtumishi yeyote kati yao.

Njia ya kwanza: Kew

Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iko Kew, pembezoni mwa London, na kwa muuguzi aliyekuwa mwajiriwa wa jeshi la Uingereza katika vita ya kwanza hakuna mahali penye utajiri kuipita. Mfululizo unaoitwa WO 399 una majalada zaidi ya 15,000 ya wauguzi wa huduma ya Malkia Alexandra, ambayo hufupishwa QAIMNS, ya akiba yake, na ya jeshi la eneo la Uingereza lenyewe (Territorial Force). Jalada moja linaweza kuwa na fomu ya maombi, barua za wadhamini, taarifa za siri za mabibi wakuu wa wauguzi, hospitali alizopangiwa, likizo za ugonjwa na barua alizoandika kuomba malipo yake. Malaria iliyompata muuguzi Afrika Mashariki unaweza kuikuta humo kwa mkono wa daktari aliyemchunguza.

Kuhusu nishani, mfululizo WO 372/23 una kadi za wanawake, na kadi moja huonyesha jina, cheo, nishani alizostahili na mara nyingi uwanja wa vita alioingia kwanza. Daftari la waliopewa Msalaba Mwekundu wa Kifalme liko chini ya WO 145. Wanaotaka kujua hospitali fulani ilihama lini kutoka mji mmoja hadi mwingine wanaweza kusoma shajara za vita katika WO 95, ambazo hazitaji wauguzi mara kwa mara lakini hueleza mazingira waliyofanyia kazi.

Gharama yake ni ya wastani na haihitaji nauli, kwa kuwa katalogi hutafutwa bure kwa intaneti na majalada mengi ya WO 399 yamekwisha kunakiliwa kidijitali. Lugha ni Kiingereza cha mwandiko wa mkono. Utambulisho wa jina ni imara kiasi, kwa sababu jalada lina umri, chuo cha uuguzi na anwani ya jamaa, ila kuna mtego mmoja: muuguzi wa jeshi kwa kawaida alitakiwa kuacha kazi alipoolewa, hivyo mtafute kwa jina la ubini, si kwa jina la mume ambalo familia imelizoea.

Sasa udhaifu wake, ambao kwetu ni mkubwa. Kew haikukusanya majalada ya utumishi ya askari wa kawaida wa majeshi ya makoloni, na dresa wa Kiafrika wa vita ya kwanza au ya pili kwa kawaida hatakuwamo. Wasaidizi wa kiume wa Kiingereza nao wana msiba wao: bomu la Septemba 1940 liliteketeza sehemu kubwa ya majalada ya askari wa vita ya kwanza, kiasi cha asilimia 60. Majalada ya vita ya pili yalikuwa yakishikiliwa na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na tangu 2022 mamilioni yake yamekuwa yakihamishiwa Kew kwa awamu, jambo linalomlazimu mwombaji kuuliza kwanza jalada lipo upande gani kabla ya kulipa.

Njia hii inamfaa mwenye jina kamili la muuguzi wa Kizungu aliyeandikishwa jeshini. Asiye na jina kamili atapotea humo, kwa kuwa akina Mary Smith ni wengi kuliko minazi ya Pangani.

Njia ya pili: kanzidata za bure, Geneva ikiwa ya kwanza

Hapa nimeweka pamoja hazina nne ambazo mtu anaweza kuzipekua kwa simu akiwa ameketi Raskazone bila kulipa chochote ila bando.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianzisha Agosti 1914 ofisi ya kufuatilia wafungwa wa vita, na kadi zake zinazohusu watu wapatao milioni mbili sasa zinaonekana bure. Kwetu Tanga kadi hizi zina thamani ya pekee, kwa sababu zinawagusa pia raia waliozuiliwa. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliokuwa katika koloni la Kijerumani, wanawake wakiwamo, walikamatwa na hatimaye wakawekwa Tabora mpaka Wabelgiji walipoutwaa mji huo Septemba 1916. Sista wa hospitali ya misheni ya Magila hakuwa mwanajeshi, kwa hiyo usitarajie kumkuta katika WO 399, lakini anaweza kuwa na mstari katika orodha ya Geneva. Vivyo hivyo kwa Wajerumani waliozuiliwa na Waingereza baada ya 1916. Kikwazo ni kwamba maelezo ni ya mkato, mengine kwa Kifaransa, na kadi zimepangwa kwa namna inayohitaji subira: unafungua kadi moja, inakupa namba, na namba inakupeleka kwenye ukurasa wa orodha nyingine.

Hazina ya pili ni kadi za Msalaba Mwekundu wa Uingereza, zinazohusu wajitoleaji zaidi ya 90,000 wa vita ya kwanza. Kadi huonyesha tarehe ya kuanza na kumaliza, mahali pa kazi, aina ya kazi na wakati mwingine idadi ya saa. Ya tatu ni gazeti rasmi la London, ambalo huthibitisha nishani ya heshima lakini kwa kawaida halielezi kwa nini ilitolewa. Ya nne ni orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayohusu waliokufa tu: kati ya Agosti 1914 na Agosti 1921 kwa vita ya kwanza, na kati ya Septemba 1939 na Desemba 1947 kwa ya pili. Ndiyo itakayokusaidia, kwa mfano, kuhusu meli Khedive Ismail, iliyoondoka Kilindini ikielekea Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake 77 ambao wengi wao walikuwa wauguzi, pamoja na mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Pwani yetu bado kuna familia zinazosema “babu alizama na manesi” bila kujua jina la meli.

Kuhusu utumishi, njia hii hutoa vipande tu, si maisha. Kuhusu nishani hutoa uthibitisho wa zile za heshima na karibu kimya kwa nyinginezo. Uthibitisho wa jina ni dhaifu zaidi kuliko Kew, kwa kuwa kadi moja inaweza kuwa na herufi ya kwanza ya jina na ukoo basi. Inamfaa anayeanza, asiye na fedha, au anayetaka kujua kama inafaa kulipa mahali pengine. Mimi siruhusu mtu yeyote anayeniomba ushauri alipie jalada kabla hajatumia juma zima humu.

Njia ya tatu: Upanga

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, Dar es Salaam, nayo ndiyo mlango wa muuguzi aliyelipwa na serikali ya hapa. Hapo kuna majalada ya ofisi kuu ya serikali ya kikoloni ya Kiingereza, ya mikoa na wilaya, pamoja na mkusanyo wa Kijerumani ambao namba zake hutanguliwa na herufi G. Utumishi unaoonekana humo ni wa kiofisi: kuajiriwa, kuhamishwa kutoka Tanga kwenda Dodoma, nyongeza ya mshahara, lalamiko la nyumba, idadi ya vitanda na upungufu wa dawa. Magazeti ya serikali ya Tanganyika yalichapisha uteuzi wa maofisa, wakiwamo mabibi wauguzi wa Kizungu. Mtumishi wa Kiafrika wa ngazi ya chini mara nyingi anajitokeza kwa bahati, katika orodha ya mishahara au katika barua ya malalamiko, wakati mwingine kwa jina moja tu.

Kuhusu nishani, Upanga si mahali pa kutarajia mengi. Panaweza kukupa kitu chenye thamani zaidi, yaani sababu ya kutokuwapo kwa nishani: kama bibi alibaki katika ajira ya kiraia pale Bombo kipindi chote cha 1939 hadi 1945, basi hakuandikishwa jeshini, na Medali ya Vita haikumhusu. Medali ya Ulinzi, ambayo utepe wake una rangi ya chungwa katikati na kijani pembeni, ilitolewa pia kwa baadhi ya watu wasio askari. Hiyo ndiyo ya kuuliza.

Nauli ya basi kutoka Tanga, malazi na siku za kusubiri majalada ndiyo gharama halisi. Nenda na kitambulisho, barua ya utambulisho, penseli na subira, na uwe umeandika kabla ya kuondoka miaka na vituo unavyotafuta, kwa maana majalada yamepangwa kwa idara na mada, si kwa majina ya mabibi. Majalada ya G yanahitaji mtu anayesoma Kijerumani cha mwandiko wa zamani, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Uthibitisho wa jina hutegemea kituo cha kazi: “Fatuma” hakusaidii, lakini “Fatuma wa wodi ya wazazi, Bombo” akitajwa mahali pawili ameanza kuwa mtu.

Inamfaa mwenye uhakika kwamba mtu wake alikuwa mtumishi wa serikali, na anayejua walau kituo kimoja na kipindi kimoja.

Njia ya nne: misheni, makaburi na wazee

Kwa Tanga njia hii ni pana kuliko inavyodhaniwa. UMCA ilikuwa Magila, penyewe pakiitwa Msalabani, tangu karne ya kumi na tisa, na kazi yake ya tiba upande wa Muheza ina mizizi mirefu. Wamisionari wa Bethel walikuwa Usambara. Mtu wa Bagamoyo ana Mapadri wa Roho Mtakatifu, wenye makumbusho yao palepale mjini na hifadhi kuu ya shirika huko Chevilly-Larue, Ufaransa. Karatasi za UMCA ziko katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na humo mna barua na taarifa za watumishi. Lakini daftari za ubatizo, ndoa na mazishi zilizobaki parokiani ndizo zinazokupa jina la baba, kijiji na mwaka, vitu ambavyo njia nyingine zote zinakudai kabla ya kukusaidia.

Kuhusu nishani za kijeshi, usitarajie. Hata hivyo mara moja moja mtumishi wa kanisa alivuka mpaka huo: Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar mwaka 1916, na mtu aliyefuata msafara wa namna hiyo kama mhudumu wa wagonjwa anaweza kuwa na habari pande zote mbili, ya kanisa na ya jeshi. Wapagazi wenyewe, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo, walikufa kwa maelfu yasiyoandikwa majina, na anayemtafuta mhudumu wa wagonjwa miongoni mwao hana budi kuyategemea masimulizi.

Gharama ni ndogo: daladala, sadaka kidogo, na adabu. Ingia kwa hodi, taja ukoo wako, usianze na kalamu mkononi. Makumbusho ya Urithi Tanga katika boma la zamani la Wajerumani yana picha za zamani za mji zinazoweza kumfungua mzee ulimi kuliko maswali kumi. Udhaifu wa masimulizi ni kwamba hukua. Kila kizazi humwongezea bibi cheo. Yaandike yote, pamoja na jina la msimuliaji na tarehe, kisha yapime kwa karatasi.

Inamfaa mwenye jina la nyumbani tu na asiye na jina la kiofisi, na inamfaa pia yule aliyemaliza njia nyingine zote akabaki na tarehe zisizo na sura.

Kuhusu Wajerumani, na kuhusu watafiti wa kulipwa

Anayemtafuta muuguzi wa Kijerumani hana njia moja iliyonyooka. Nyaraka za Wizara ya Makoloni ya Ujerumani ziko katika hifadhi ya shirikisho huko Berlin, chini ya R 1001, lakini hifadhi ya jeshi la Prussia iliyokuwa Potsdam iliteketea katika mashambulizi ya Aprili 1945, na pamoja nayo sehemu kubwa ya majalada ya watumishi. Changanya Berlin, Geneva na majalada ya G ya Upanga. Jihadhari na nyaraka zinazosema “Schwester Anna”, yaani Sista Anna, bila ukoo.

Mtafiti wa kulipwa huko Uingereza anafaa pale tu unapohitaji jalada ambalo halijanakiliwa na umekwisha kujua namba yake. Mmoja niliyemtumia alinitoza kwa siku mbili za kutafuta kitu ambacho katalogi ingenionyesha kwa dakika kumi. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilimpa hadithi badala ya namba.

Uchague vipi

Ukiwa na nishani ya vita ya kwanza yenye jina, anza na kadi za WO 372/23, kisha WO 399. Upanga kunaweza kusubiri. Ukiwa na nishani ya vita ya pili isiyo na jina, iache pembeni, uitafute karatasi: kitabu cha malipo, cheti cha kuachishwa jeshi, barua yenye namba ya askari. Bila namba hiyo, maombi yako kwa ofisi za Uingereza yatakuwa ya kubahatisha. Kama muuguzi wako alikufa kazini, orodha ya makaburi itakupa tarehe na kikosi kwa siku moja, na vitu hivyo viwili vitafungua milango mingine. Kama alikuwa sista wa misheni, nenda parokiani kabla ya Oxford, na Geneva kabla ya Kew. Kama alikuwa mtumishi wa Bombo, panda basi. Na kama unachojua ni kwamba “alikuwa nesi” basi, kaa na wazee wa familia mpaka upate mambo matatu: jina alilotumia kazini, kituo kimoja, na mwaka mmoja.

Jirani yangu alikuwa na mawili kati ya hayo. Kitabu kile kidogo kilichopoteza jalada kilikuwa kitabu cha malipo cha jeshi, nacho hakikuwa cha bibi: jina lililoandikwa ndani lilikuwa la kaka yake, dresa katika kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki. Inaelekea sana kwamba nishani ni ya kaka huyo. Bibi mwenyewe, kwa maneno ya shangazi wawili waliohojiwa mbali mbali, hakuondoka Bombo kipindi chote cha vita. Jirani yangu alinyamaza kidogo, akauliza basi ya kwenda Dar es Salaam huondoka saa ngapi. Ameondoka Jumatatu na barua yake ya utambulisho na karatasi yenye miaka saba na jina la wodi moja. Kopo ameliacha kwangu, na nishani imo ndani, haijasuguliwa.